Filamu ya Meksiko katika Ghala la Pareto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa laini cha pamba na kuambiwa nisiguse kitu chochote chenye moto. Aliyenipa alikuwa Mzee Onsongo, mwendesha mtambo wa sinema katika ofisi ya habari pale Kisii mjini, mtu mrefu, mkimya, ambaye vidole vyake vilinuka gundi ya filamu mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimeajiriwa niwe mtangazaji. Nilikuja na sauti yangu, viatu vipya na barua ya kazi. Kwa miezi miwili nilifuta vumbi.

Nyinyi mnaobaki katika ofisi ya Nyamira mliniomba, siku mliyoniaga kwa chai na mandazi, niandike tulivyokuwa tukifanya kazi kabla ya kompyuta. Nimekubali. Vyeo na mishahara sitavitaja. Viko kwenye faili langu, na faili lenyewe ni jembamba. Ninaandika kwa Kiswahili, ijapokuwa mengi ya haya yalisemwa kwa Ekegusii, kwa sababu wenzenu wawili hapo wametoka mbali na si vizuri wategemee mtu wa kando kuwatafsiria. Mimi nimekuwa mtu huyo wa kando maisha yangu yote. Najua anavyoweza kubadilisha mambo.

Wakati huo filamu ilikuwa utepe mrefu wenye matundu pembeni, umeviringwa kwenye gurudumu na kufungiwa ndani ya kopo la bati. Tuliubeba kwa gari la ofisi pamoja na projekta, jenereta, spika mbili za pembe na shuka kubwa jeupe. Tulionyesha jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kuchuma chai, jinsi ya kumpa mtoto maji ya chumvi na sukari akiharisha. Watu walivumilia choo na chai kwa sababu walijua mwishoni kuna picha ya burudani. Utepe ukikatika, unakwangua ncha zote mbili kwa wembe, unapaka gundi, unazibana, unahesabu polepole hadi ishirini. Ukihesabu kwa haraka utakatika tena, na utakatika mbele ya chifu. Haya Onsongo alinifundisha bila kupandisha sauti. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Kila kopo alilibandika karatasi yenye jina la filamu, kwa herufi za kulala, mkia wa g ukijikunja chini kama wa kinyonga.

Nilipoondolewa kwenye kitambaa na kupewa maikrofoni, kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka na kuwasemea watu wa kwenye picha. Hapo nilijifunza kunyamaza. Mtu akilia, usiseme analia. Ukisema hivyo umewaita watazamaji vipofu. Na usimpe mhusika maneno mengi kuliko mwendo wa midomo yake, kwa maana watu wa huku wanaangalia midomo.

Mwaka wangu wa pili makopo manne yalifika kutoka Nairobi yakiwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Ndani ya kopo la kwanza kulikuwa na karatasi moja iliyopigwa taipu kwa Kiingereza. Ilisema hii ni hadithi ya mapenzi na vichekesho kutoka Meksiko, ya zamani, wakati wa vita. Hakuna tafsiri chini ya picha, hakuna mtu wa kumuuliza. Nadhani ilikuwa zawadi ya ubalozi fulani iliyopotea njia.

“Imekuja,” Onsongo alisema, “basi ionyeshwe.”

Tuliitazama wawili tu, mchana, madirisha ya ofisi yakiwa yamefunikwa blanketi. Haikuwa na rangi. Kuna mji mdogo mlimani, nyumba nyeupe, barabara ya mawe, na mwanamke anayesimamia posta. Nilimwita Kerubo. Ni mzuri, ni mkaidi, na amechoka kuposwa na kila mwenye ng’ombe. Kwa hiyo amewaambia watu kwamba ana mume vitani. Mume huyo hayupo. Kerubo hujiandikia barua mwenyewe, huzipiga muhuri wa posta yake mwenyewe, na kila Jumapili huzisoma kwa sauti kisimani huku wanawake wakijifuta machozi. Kisha jeshi linaingia mjini. Kapteni mwenye masharubu anamuuliza mumewe yuko kikosi gani. Kwa haraka Kerubo anataja kikosi chochote, na kumbe ni kikosi cha kapteni huyo huyo. Kapteni anajua hakuna mtu kama huyo. Hasemi neno. Anainamisha kichwa, anaondoka.

Wiki inayofuata, Kerubo anafungua gunia la posta na kukuta barua kutoka kwa mumewe.

Nimeionyesha filamu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado sijachoka na uso wa yule mwanamke pale. Kamera inakaa kwake bila kusogea. Anaijua bahasha, anajua hakuiandika. Anaanza kucheka, kicheko kinafika nusu, kinasimama, na macho yanakuwa ya mtu aliyesikia hatua ndani ya nyumba tupu. Halafu anacheka tena, kwa sauti zaidi. Ni kichekesho. Sisi tunaotazama tunajua ni kapteni anayeandika. Lakini yeye hajui, na kwa muda huo mfupi na sisi tunasahau. Aliyeitengeneza alijua kwamba hofu na mapenzi hulala kitanda kimoja, na hakutaka kuvitenganisha. Mizinga inasikika nyuma ya mlima muda wote. Kila inapokaribia, bendi ya kijiji inaongeza sauti.

Karibu na mwisho, mji mzima, ambao umekwisha kuijua siri, unaamua kumzika mume huyo wa kubuni ili Kerubo awe huru kuolewa na kapteni. Wanabeba jeneza lililojaa mawe. Padre anajikwaa, mbuzi anakula shada la maua, Kerubo analia machozi ya vitunguu. Sina shaka huko kwao watu walishika mbavu.

Huku hakucheka mtu. Tuliionyesha kwanza Nyanchwa, katika ukumbi wenye walimu wengi, watu wanaopenda kucheka kwa ajili ya kuonekana wameelewa. Walicheka barua, walicheka kapteni. Jeneza lilipotokea, ukumbi ukawa kimya hadi nikasikia utepe ukipita kwenye meno ya projekta. Baadaye mwalimu mmoja mzee alinisogelea.

“Lile jeneza lilikuwa na nini ndani?”

“Mawe, Mzee. Na mchanga.”

Alitikisa kichwa. “Basi hawajamaliza kuzika,” akasema, akachukua kofia yake.

Nilimsimulia Onsongo nikidhani atatabasamu. Hakutabasamu. Nilikuwa nimeshaona kwamba kila tulipofika kwenye kopo la tatu, lile la barua, aliwasha projekta na kugeukia ukuta.

Ikonge ilikuwa kwenye ratiba ya mwezi uliofuata. Tulipewa ghala la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Maua yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa, lakini harufu yake kali ilibaki, na mle ndani hamkuwa na inzi hata mmoja, jambo ambalo sijaliona katika ukumbi mwingine wowote. Tulifunika madirisha kwa magunia. Saa nane mchana mvua ilianza, kama inavyoanza huko kila siku, na bati likaanza kunguruma. Kabla sijawasalimu watu, Onsongo alinishika mkono.

“Leo usinitaje jina.”

“Kwa nini, Mzee?”

“Usinitaje tu.”

Aliendesha mtambo akiwa na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi na kola ya koti imepandishwa. Nilidhani ana homa.

Tulifika kwenye barua. Kerubo alifungua gunia la posta, akaitoa bahasha. Ghala lilinyamaza, mvua ikapungua kwa ghafla kama mtu aliyeziba mdomo, na katika ukimya huo mtu mmoja alicheka. Kilikuwa kicheko cha mwanamke mzee, cha taratibu, si cha mtu aliyefurahi wala aliyechizika. Kicheko cha mtu aliyetambua kitu. Hakuna aliyemfuata.

Mwisho wa onyesho aliningoja mlangoni. Alikuwa mama mfupi, mgongo umenyooka, na magunia mawili kichwani kumkinga na mvua. Alisema anaitwa Nyaboke, na mimi nikamwita Omong’ina, kama tunavyowaita kina mama wazee kwa heshima.

“Binti, unaijua lugha ya watu wale?”

“Siijui, Omong’ina. Nabuni.”

“Najua unabuni. Midomo yao ilikuwa inaenda kwingine. Lakini unabuni vizuri.” Alitoa bahasha moja kifuani, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. “Mume wangu alikwenda na jeshi la Mwingereza, vita vya Bama, ng’ambo ya bahari. Aliniacha na mimba. Nina barua tisa. Tano nilisomewa zamani. Nne hazijasomwa na mtu.”

“Huna mtoto aliyesoma?”

“Ninaye. Ni mzee wa kanisa. Lakini mtoto hasomi barua za wazazi wake.”

Alinipa ile bahasha, mojawapo ya hizo nne, niione. Nilisoma jina lake, herufi za kulala. Halafu, kwenye neno Ikonge, nikauona mkia wa g. Nilikuwa nauona mkia huo kila siku kwenye makopo ya filamu. Nilimrudishia bahasha na kumwahidi kwamba Alhamisi nitakwenda kwake, juu kidogo ya soko.

Onsongo alikuwa amekwisha kuingia ndani ya gari. Niliketi kando yake na kumwambia nilichokiona. Dereva alikuwa nje akifunga turubai, kwa hiyo tulikuwa peke yetu. Hapo akaniambia.

Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwandishi wa barua kwenye kibaraza cha posta, akiwaandikia wasiojua kuandika. Mzee mmoja kutoka Ikonge alimfuata. Mwanawe hakurudi kutoka Bama na serikali haikuwa imesema lolote. Mkaza mwana alikuwa na mtoto mchanga, na yule mzee aliogopa kwamba atarudi kwao. Akamwomba Onsongo aandike barua kana kwamba imetoka kwa mwanawe.

“Niliandika moja. Akaja tena. Halafu mzee aliniita nyumbani kwake nizisome mwenyewe mbele ya yule mama, kwa sababu hakukuwa na msomaji mwingine karibu. Nilimsomea maneno yangu mwenyewe huku ananiangalia. Niliandika tano. Yule mzee akafariki, nami nikapata kazi Nairobi, nikaondoka.”

“Tano,” nilisema.

“Tano.”

“Ana tisa, Mzee. Na nne hazijafunguliwa.”

Alivua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana la kufanya kwa mikono yake.

“Mwandiko ni wa nani?” aliuliza.

“Ni wako.”

Alhamisi tulikwenda wote wawili. Sikumlazimisha. Alinyoa ndevu, akavaa tai. Nyumba ya Nyaboke ilikuwa ya bati, safi, kwenye mteremko wa chai, na mwanawe Ombati alikuwa ameketi mlangoni akitungoja. Alikuwa mwanamume mzito wa miaka arubaini na kitu, Msabato, mwenye adabu na uso uliofungwa. Alitukaribisha kwa mikono miwili, lakini alisema wazi kwamba haungi mkono jambo hili. Aliyekufa amelala, hajui lolote, haandiki. Na baba yake hakumwita baba. Alimwita mtu yule.

Nyaboke alimtazama Onsongo kwa muda mrefu.

“Umezeeka,” akasema.

“Ndiyo, Omong’ina. Nimekuja kukuomba radhi. Zile barua tano—”

“Zile ziache. Nilijua ni wewe tangu ya kwanza.”

“Ulijuaje?”

“Mume wangu hakujua kuomba samahani. Barua ile iliomba samahani mara tatu.” Alitengeneza khanga magotini. “Baba mkwe alitaka nibaki. Mimi pia nilitaka kubaki. Hakuniuliza, ndiyo maana akapata tabu bure. Sasa soma hizi nne.”

Alizipanga juu ya meza. Hazikuwa na stempu. Nilimuuliza zililetwa na nani. Alisema hazikuletwa. Ya kwanza aliikuta juu ya jiwe la kusagia wimbi, asubuhi baada ya matanga ya baba mkwe. Ya pili juu ya mfuniko wa chungu. Nyingine mbili kizingitini, miaka tofauti, zote zamani sana, kabla Ombati hajamaliza shule. Karatasi zilikuwa zimegeuka njano na gundi ya bahasha ilikuwa bado imeshika. Onsongo aliichukua ya kwanza, akaigeuza, akaisogeza dirishani.

“Huu ni mwandiko wangu,” alisema polepole. “Lakini hii sikuiandika.”

Sijui mpaka leo kama nilipaswa kumwamini. Nilifanya naye kazi karibu kila siku na sikupata kumkamata katika uongo mwingine. Alifungua bahasha kwa kiwembe kile kile cha kukwangulia filamu, akasoma.

“Embura, nimeshuka melini. Hapa Mombasa kuna joto. Nakuja.” Akaacha kusoma. “Embura ni nani?”

Kwa Ekegusii embura ni mvua. Nyaboke alikuwa ameinamisha kichwa.

“Ni mimi. Niliolewa siku ya mvua kubwa. Aliniita hivyo tukiwa wawili tu. Hajui mwingine.”

Ombati alisogeza kiti chake mbali na meza kidogo. Onsongo alifungua ya pili. Ilisema, Embura, nimelala stesheni ya Nakuru, miguu inauma, nakuja. Sentensi fupi, hazina samahani hata moja. Mvua ilianza juu ya bati na akalazimika kusoma ya tatu kwa sauti ya juu.

“Embura, nauona moshi wa Ikonge. Mgomba wa mlangoni pako umekatwa. Nani ameukata?”

Niliangalia nje kupitia mlango uliokuwa wazi. Upande wa kushoto wa kizingiti kulikuwa na kisiki cha mgomba, utomvu wake bado haujawa mweusi.

“Mimi,” Ombati alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Ulikuwa unaziba mwanga. Niliukata Jumatatu.”

“Jumatatu gani?” nilimuuliza.

“Jumatatu hii.”

Onsongo alijaribu kuifungua bahasha ya mwisho, kiwembe kikamponyoka. Akaisukuma kwangu juu ya meza bila kuniangalia. Niliifungua kwa kidole. Karatasi ilikuwa moja, mistari michache, herufi za kulala. Mstari wa kwanza ulisema: Sasa anayesoma ni mwanamke. Vizuri. Onsongo apumzike.

Nikaendelea kusoma kimya, midomo imefungwa. Mstari wa pili ulisema: Mwambie Embura nitamfikia Jumamosi, saa ya watu kwenda kanisani. Asifunge mlango.

Watu watatu walikuwa wananitazama. Mimi nilikuwa mtu wa kubuni maneno. Kwa miaka miwili nilikuwa nimewawekea wengine maneno mdomoni, na hii ilikuwa mara ya kwanza kupewa maneno kamili, kwa lugha ninayoijua, ya kumpa mtu mmoja tu. Nilifikiri atakufa. Nilifikiri barua ile imekuja kumchukua, na kwamba nikiisoma nitakuwa nimemfungulia mlango.

“Anasema usimsubiri tena,” nilisema. “Anasema uishi vizuri.”

Nyaboke aliniangalia midomo. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaikunja na kuiweka kifuani.

“Binti,” akasema, bila hasira, “midomo yako inaenda kwingine.”

“Omong’ina, nisamehe.”

“Usiniambie siku. Nitaijua.”

Kabla sijafika Jumamosi, niseme yaliyotokea baadaye, kwa sababu mengine ni ya kazi. Onsongo alistaafu mwishoni mwa mwaka huo na mimi nikarithi projekta, wembe na gundi. Video ikaja, watu wakaanza kulipa kiingilio vibandani, nasi tukawa tunaonyesha mambo ya choo peke yake. Filamu ya Meksiko ilianza kunuka siki, ambayo ndiyo dalili ya utepe kuoza, na nikairudisha Nairobi kwa huzuni kubwa kuliko niliyostahili. Mara ya mwisho kuionyesha nilikuwa peke yangu. Niliitazama hadi mwisho kabisa, siku ya harusi, wakati gunia la posta linafika na ndani yake kuna barua nyingine ya mume. Kerubo anamgeukia kapteni kwa jicho la kumkanya. Kapteni anaapa kwamba hii hakuiandika. Wanatazamana. Mizinga inalia karibu sana sasa, bendi imechanganyikiwa, wageni wameanza kuangalia barabarani. Kerubo anaiweka barua kifuani bila kuifungua, anamshika kapteni mkono, wanacheza. Filamu inakwisha hapo. Ukiionyesha vizuri, unaacha shuka jeupe likae muda kidogo kabla ya kuwasha taa. Nyaboke, mkitaka kujua, aliishi miaka mingi baada ya hayo yote.

Lakini Jumamosi ile sisi hatukujua. Nilimwambia Onsongo maneno ya kweli ya barua tulipokuwa tukishuka kutoka nyumba ile, na akasema, “Tutakuja mapema.” Hatukuja mapema. Gari la ofisi halikutoka siku hiyo na tulipanda gari la watu lililobeba maziwa, ambalo lilisimama kwa kila ng’ombe kati ya Kisii na Ikonge. Tulipoanza kupanda ule mteremko, makanisa yalikuwa yamekwisha kuanza nyimbo.

Njiani tulimkuta Ombati. Alikuwa amevaa suti, Biblia mkononi, viatu vina tope hadi kwenye kamba. Yeye hakuwa amesikia neno la barua ile, maana sikulisema mbele yake.

“Mbona umetoka ibadani?” Onsongo alimuuliza.

“Mama hakuja. Hajawahi kukosa, hata alipokuwa mgonjwa.” Alituangalia mmoja baada ya mwingine. “Nyinyi mnajua kitu.”

Nilimwambia. Hakunilaumu. Alitutangulia, akitembea haraka kwa mtu mzito, hadi tulipofika. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu jana mchana na ua ulikuwa umefagiliwa. Hapakuwa na alama ya mguu wa mtu. Mlango ulikuwa wazi.

Nyaboke alikuwa ameketi mezani. Alikuwa amevaa gauni la kuendea harusi za watu, la rangi ya maziwa, na kitambaa kipya kichwani. Alikuwa mzima, anapumua, macho makavu. Mbele yake kulikuwa na birika na vikombe viwili vya bati, kimoja mbele yake, kingine ng’ambo ya meza ambako kulikuwa na kigoda kilichovutwa. Vyote viwili vilikuwa vitupu, na chini kumebaki majani ya chai.

“Mmechelewa,” alisema. “Mngewahi mngemkuta.”

Onsongo alishika fremu ya mlango. Nyumba ilikuwa na harufu ya chai na ya kitu kingine, kama nguo za sufu zilizolowa na kuanikwa, ingawa hakuna nguo iliyoanikwa popote.

Ombati alisimama kizingitini, karibu na kile kisiki. Tulimsubiri aseme kuhusu wafu na usingizi, jambo ambalo aliliamini kwa moyo wake wote na ambalo, nadhani, aliliamini hadi mwisho. Aliweka Biblia juu ya kabati. Akaingia, akazunguka meza, akakichukua kile kikombe cha pili na kukiinamisha kwenye mwanga. Alikiangalia ndani kwa muda mrefu. Kwetu baba huitwa Tata, na nilikuwa sijamsikia mtu huyu akilitamka neno hilo.

“Mama,” alisema, “Tata alikuwa anaweka sukari?”

Nyaboke alimwonyesha kigoda.

“Keti,” akasema. “Vijiko vinne. Na kwanza alionja bila sukari, kila siku, halafu anakunja uso kama mtu aliyedanganywa. Wewe huwa unafanya hivyo. Keti nikuambie.”

Aliketi, na kikombe bado mikononi. Onsongo alinigusa bega, nasi tukaondoka taratibu bila kuaga.